Mkasi wa Mchoraji

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula yanga. Wa kwetu wataelewa. Mvua ilikata, mahindi yakajikunja shambani kama masikio ya mbwa mgonjwa, ikabidi tuletewe unga wa njano kutoka ng'ambo, na kwa rangi yake tukauita yanga. Ugali wake ulikuwa na utamu wa kipuuzi, unang'ang'ania meno, na ukipoa unakuwa kipande cha sabuni. Tuliula huku macho yetu yakiangalia ngano. Tambarare yote chini ya mlima Hanang ilikuwa ngano ya serikali, na hata mwaka ule mbaya kuna iliyovunwa. Ilipanda malori ikaenda kuwa mikate ya watu wengine. Sisi tuliobaki na vumbi lake tulikula yanga.

Mwaka huo ndio aliokuja Mchoraji.

Jina lake nalijua na siliandiki. Alizaliwa wapi, baba yake nani, ukoo gani, hayo sikuuliza. Watu wa ofisini walitoka kila mkoa, na ukianza kuuliza koo zao utachelewa kupika. Mimi nilikuwa kibarua jikoni, kwenye mesi ya wafanyakazi wa shamba. Nimezaliwa Mbulu juu, kwenye baridi, nikaolewa Getanuwas, na shule yangu iliishia darasa la nne. Lakini macho yangu hayakuishia darasa la nne.

Na niseme mapema ili msinisumbue njiani. Kama si sketi ya bibi yangu, huyu mtu ningeshamsahau. Ni sketi ya ngozi ya mbuzi, laini kama sikio, imeshonwa shanga chini mpaka juu, na jua katikati. Bibi aliivaa siku alipotolewa ndani, yeye na wasichana wenzake, baada ya unyago, zamani zile za desturi ambazo hata mama yangu hakuzikuta. Mama alinipa mimi. Nilikaribia kuipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe, na aliyesimama katikati ni Mchoraji.

Kazi yake ilikuwa kuchora. Ramani za mashamba, vibao vya barabarani, herufi za kupiga kwenye magunia, majalada ya ripoti. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amepelekwa Japani miezi kadhaa kujifunza kubuni vitu: kibao kikaeje, kopo livae karatasi gani. Wengine waliokwenda ng'ambo walirudi na suti na redio kubwa. Yeye alirudi na kisanduku cha kulia chakula, kaseti za muziki usioeleweka, na mkasi mweusi mdogo uliokata unywele wa mtoto ukiwa bado unaanguka.

Hakutulia. Hilo ndilo la kwanza mtu yeyote atakuambia. Alikuwa amenizidi miaka kama saba, kwa hiyo shikamoo ilikuwa haki yake, lakini kuipokea ilikuwa kazi. Ukisema shikamoo akiwa mlangoni, marahaba unaisikia ikitokea karakana. Alikunywa chai akiwa amesimama. Maji yakichelewa kuchemka aliinua kifuniko mara kumi, nami namwambia, "Dada, maji yanaona haya, usiyachungulie." Anacheka, anakifunika, anakifunua. Jumapili wengine wakipumzika yeye anatembea kwa miguu mpaka Hirbadaw kumwona mwanamke fulani anayechora vibuyu kwa msumari wa moto, anarudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope, mkononi ana kibuyu kilichopasuka, furaha kama ameokota ng'ombe. Kibuyu kipasuke, cha nini? "Angalia mstari huu," anasema. "Mkono haukuyumba." Ukishaanza kuangalia, yeye ameshaondoka.

Tena alikuwa mtu wa kukata. Alikata kila kitu. Kalenda za mwaka uliopita, mifuko ya unga, mikono ya nguo zake mwenyewe, nywele zake bila kioo. Alikata hata maneno ya watu. Unamsimulia jambo, uko katikati, anasema, "Kata hapo, mwisho wake nimeshauona." Na kwa kweli alikuwa ameuona, hilo ndilo lililouma.

Sasa kisanduku. Kilikuwa cha mbao, cheusi nje na chekundu ndani, kinang'aa kama jicho la mbuzi, na ndani kimegawanywa vyumba vinne. Alikifunga kwa kipande cha kitenge, masikio mawili juu kama ya sungura. Mwanzoni hatukukiona, tulikisikia tu. Siku za kwanza alikuwa akisema, "Nimeamka saa kumi na moja kwa ajili ya bento." Au anaondoka ofisini mbio, "Jamani, nimemsahau bento wangu nyumbani!" Sisi wanawake wa jikoni tukatazamana. Tukasema, kumbe ana mume. Bento ni jina zuri, kama la Kikatoliki, huenda ni Benedikto amefupishwa. Tukamsifu. Mwanamke wa ofisi, amesoma, amefika Japani, na bado anaamka saa kumi na moja kwa ajili ya mumewe! Tukaanza kumsalimia kwa adabu yake.

"Dada, Bento hajambo?"

Akasimama. "Bento?"

"Ndiyo. Hatujamwona bado. Au anaumwa?"

"Bento leo ana mayai mawili na dagaa," akasema.

Mwenzangu mmoja, mtu wa moyo mwepesi, akasema polepole, "Pole, dada. Na daktari anasemaje?"

Hapo ndipo alipokaa chini. Ni mara chache nilimwona akikaa, na siku ile alikaa kwenye gunia la maharage akacheka mpaka machozi, akakiweka kisanduku mbele yetu, akafungua masikio ya sungura. "Haya, shemeji yenu huyu hapa. Msalimieni." Ndani kulikuwa na karoti zilizokatwa kama maua, dagaa wamepangwa mstari kama askari, yai limekatwa nusu limelala kifudifudi, na chumba kimoja hakina kitu. Kumbe bento ni jina la Kijapani la kisanduku cha chakula. Tangu siku hiyo shamba zima lilimsalimia Bento. Hata madereva. "Bento kaamkaje?" Na yeye anajibu, "Leo ana kiburi, ana samaki wa ziwa Basotu."

Kile chumba kitupu kilinisumbua. Kila siku vyumba vitatu vimejaa, kimoja kitupu, na si kilekile; leo cha kulia, kesho cha kushoto. Nilimuuliza.

"Ili vingine vipumue," akasema.

"Chakula kinapumua?"

"Mama Paskali, wewe ukibanwa na watu watatu kitandani unapumua?"

Nilikuwa na watoto wanne.

Lakini si wote walipenda. Kwetu watu hula pamoja, sinia moja, mikono inakutana katikati. Mtu anayefunika chakula chake akala peke yake, tena kwa vijiti viwili asikiguse, tunamwita majina. Wengine walisema mchoyo. Wengine wakasema mengine mabaya zaidi, na hao walikuwa wa kwanza kuchungulia. Fundi mmoja wa matrekta, mtu wa mdomo, alimfuata mezani.

"Dada, hicho kisanduku ni cha kula au cha dawa?"

"Cha kula. Karibu."

"Kwa hivyo vijiti? Mimi nguruwe choma nakula, nungu nakula, vijiti silii."

"Shika."

Akashika. Akajaribu kuinua tonge la yanga. Likaanguka. Akajaribu tena, likaruka likatua kwenye ovaroli lake lenye mafuta ya mtambo. Mesi nzima ilipiga meza. "Fundi wa trekta kushindwa na vijiti viwili!" wakasema. "Tafuta spea!" Akaligonga tonge kwa kijiti kama anaua nyoka, akalitia mdomoni kwa mkono, akasema, "Haya, nimeshinda." Toka siku hiyo alikuwa rafiki yake, na ndiye aliyemchongea vijiti vingine vilipovunjika.

Mimi nilimkasirikia kwa jambo lingine. Watu wana njaa, wanapanga foleni ya yanga, na mtu mzima anachukua kopo, analikunja makali yake liwe na pembe, anakata ugali nyota. Nilimwambia usoni. "Wewe unacheza. Watoto hapa matumbo yanaimba, wewe unakata nyota."

Hakukasirika. Alisema neno lake ambalo baadaye nililisikia mara nyingi: "Jicho nalo lina njaa." Akaenda zake.

Siku ya pili mzee mmoja kibarua, amekonda, alisogea dirishani na sahani yake akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, zile nyota zinatoka kwako au kwa yule?" Nikaazima kopo. Nikakata. Akakaa pembeni akala nyota moja moja, pembe kwa pembe, na kwa mara ya kwanza mwaka ule niliona mtu akila yanga bila kuitukana. Sikumwambia Mchoraji. Nilikuwa na kiburi changu, nao ni mzuri, umenivusha mengi. Lakini kopo sikulirudisha.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa wa sufuria. Karatasi ilikuwa adimu, ofisini wanaandika pande zote mbili mpaka pembeni. Yeye akasema, mabua ya ngano yanatupwa, yanachomwa, kwa nini yasiwe karatasi? Akayakata, akayaloweka, akayachemsha na majivu. Kwenye sufuria gani? Ile kubwa ya maharage, ya kwangu, niliyokuwa naisugua kwa mchanga mpaka naona meno yangu. Nikaja asubuhi nakuta uji wa kijivu unanuka kama zizi. Niliuondoa, nikasugua, nikapika, na mchana wafanyakazi wakasema maharage yana ladha ya nyumba ya nyasi. Nilimfuata na mwiko.

"Sufuria yangu ni ya chakula!"

"Na karatasi ni chakula."

"Cha nani?"

"Cha mkono."

"Basi mkono wako ukapike kwake!" nikamwambia. Alinunua debe kuukuu, akachemsha nyuma ya nyumba yake. Ile karatasi ikatokea kweli: nene, ya rangi ya asali, na vipande vya mabua vinaonekana ndani kama sisimizi waliolala. Ya kwanza kabisa aliniletea mimi, imekatwa umbo la sufuria. Niliipokea bila kucheka. Mpaka leo nimeiweka kwenye Biblia.

Muziki wake, sasa huo usiniulize. Zile kaseti za Japani, mojawapo ni mtu anagonga mawe, ananyamaza, unadhani amekwenda kula, kumbe bado, anagonga tena. Nyingine ni filimbi kama upepo kwenye chupa. Yeye anasikiliza amefumba macho, mguu unatikisika. Kisha akaanza wa kwake. Alining'iniza sahani za haro zilizokwisha, zile za chuma za kuvunja udongo, mbele ya nyumba, kubwa na ndogo, akazigonga kwa mti, akazikwangua kwa tupa mpaka kila moja iseme anavyotaka. Akabeba kinasa sauti kila mahali. Alirekodi mashine ya kuvuna ikikohoa, mvua ya mawe kwenye bati, wanawake wa Kibarabaig wakipita na bangili zao za shaba, mimi nikisugua sufuria. Halafu utepe wa kaseti anaukata kwa wembe, anaubandika upande huu na ule kwa gundi. Siku ya sikukuu ya wafanyakazi akapewa nafasi apige. Watu wakajipanga kucheza. Ikatoka mashine, kha, kha, kha, halafu bangili, halafu sufuria yangu, halafu kimya.

"Kimezima?" mtu akauliza.

"Huu ni muziki au trekta limekwama bondeni Yaeda?" fundi akasema.

Lakini mimi nilijisikia. Kwenye spika kubwa, mbele ya wakubwa wote, ni mkono wangu unasugua. Nikasimama nikacheza peke yangu, na anayetaka kucheka acheke.

Alikuwa mtu wa kinyume, hilo msisahau, nisije nikamfanya malaika. Alitengeneza vitu vizuri na nyumba yake ilikuwa na kiti kimoja na ukuta mtupu. Alihubiri subira ya mkono, na nusu ya vitu alivyoanza hakumaliza. Alituambia vyote vya mikono ni vya watu wote, lakini ukigusa mkasi wake anakupiga kofi la kidole. Aliwaogopa ng'ombe. Mtu mzima, Hanang, anaogopa ng'ombe! Kwenye pembe ya kila ramani alichora kanga mdogo, meneja anamkataza, naye anasema sawa, na ramani inayofuata ina kanga wawili.

Haya. Sketi.

Niliisema mwenyewe. Mesini walikuwa wanasifia vitu vya ng'ambo, nikasema, ninyi hamjui kitu, mimi nina sketi ya bibi yangu, mkiiona shanga zenu mtazitupa. Maneno yakatembea, yakamfikia meneja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, na wageni sita wa ng'ambo walikuwa njiani kuja kukagua shamba. Akaja jikoni mwenyewe.

"Mama Paskali, nasikia una ngozi ya kale."

"Si ngozi, ni sketi."

"Sawa, sketi. Ina ukubwa gani?"

Nikafungua mikono, kwa majivuno. Hivi.

"Inatosha vipande sita," akasema. "Tutatia kwenye vioo, kila mgeni aondoke na chake. Wewe umekuwa kibarua muda mrefu. Nitakuandika kazi ya kudumu."

Nilisema ndiyo kabla hajafunga mdomo. Sikumuuliza mume, sikumuuliza mama. Kibarua alikuwa mtu anayeamka hajui kama leo ataitwa, na mimi nilikuwa na midomo minne nyumbani. Kesho yake niliileta ndani ya mfuko wa unga, tukaingia ofisini kwa Mchoraji, meneja mbele, mimi nyuma. Nani mwingine angekata? Shamba zima lilijua mkono wa kukata ni mmoja.

Alikuwa anakata herufi za magunia. Meneja akaitandaza sketi mezani, akatoa chaki. "Sita, sawasawa. Lile jua katikati ligawanywe, kila kipande kipate mwale."

Mchoraji akaweka mkasi chini. Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona kabla: alitulia. Mguu ulitulia, mikono ilitulia, hata kope. Akainama juu ya sketi muda mrefu, mpaka meneja akakohoa. Halafu kidole kikaanza kutembea.

"Hapa alibadilisha uzi," akasema. "Hapa aliishiwa nyeupe, akangoja, akapata nyeupe nyingine, si ileile." Kidole kikasimama. "Na hapa amekosea. Safu hii ina shanga moja ya buluu zaidi. Mnaona? Aliiona, akaiacha."

Miaka yote ile iko sandukuni kwangu, sikuwahi kuiona buluu ile.

"Nani amekosea?" meneja akauliza.

"Mwenzangu."

"Mwenzako yupi?"

"Aliyeshona."

"Bibi yangu alikufa zamani," nikasema mimi.

"Kazi yake iko mezani," akasema.

Meneja akaangalia saa. "Dada, kazi yako hapa si kukata?"

"Ni kukata."

"Basi kata. Mwenyewe ameridhia."

Alinigeukia mimi. Macho yake niliyazoea yakiwa yanakwenda huku na huku. Siku ile yalikaa kwangu. "Umeridhia?"

Nikafikiria kazi ya kudumu. Nikafikiria mvua. Na nimeahidi kuandika ukweli, kwa hiyo nauandika: nilisema, "Kata, dada."

Akaikunja sketi, shanga kwa ndani, ngozi kwa nje, taratibu, kama anavyofunikwa mtoto, akaniwekea mikononi.

"Mama Paskali," akasema, "kilichoshonwa na mwenzangu sikikati."

Wageni waliondoka na vikapu. Baada ya muda ikaja barua, Mchoraji amehamishiwa kituo kidogo Yaeda Chini, bondeni kule, barabara ya mawe, kuandika vibao ambavyo hakuna wa kuvisoma. Ya kwangu ya kazi ya kudumu haikuja. Sasa mtadhani nilimshukuru. Nilimchukia! Nilisema, yeye ana mshahara, anaringa na shanga za bibi wa mtu. Ngozi ilikuwa yangu, njaa ilikuwa yangu, yeye nani? Siku ya kuondoka lori lilisimama karibu na jikoni. Nilimsikia anashuka, miguu yake ile ya haraka. Nikaendelea kukoroga ugali, mgongo kwa mlango.

"Mama Paskali!" akaita. "Bento anakuaga!"

Sikugeuka. Nikasikia amesimama. Yeye, asiyesimama, alisimama. Halafu mlango wa lori ukafungwa.

Hilo limenitembelea miaka yote. Nikipalilia, linanifuata. Nikiwa kanisani, padri anasema ameni, mimi nasikia mlango wa lori. Nilikuja kuitoa sketi sandukuni mara nyingi, naitafuta ile buluu ya ziada, nikiiona natulia, nikiirudisha natukutika tena. Mashamba yale ya ngano yakafa polepole, mitambo ikabaki mifupa, watu wa ofisini wakarudi mikoani kwao. Yeye hakurudi. Wengine walisema yuko huku, wengine kule. Mimi sikumtafuta. Mwenye deni la neno hatafuti mlango wa kulilipia.

Kilichonisukuma ni wajukuu. Mwanangu Paskali ana mabinti wawili, Anna na Lusia. Anna anashona nguo Arusha, anasema sketi ikae dukani kwake ukutani watu waone sisi ni nani. Lusia ni mwalimu Mbulu, anasema sketi si tangazo, ikae nyumbani. Walianza kwa utani, wakaishia kutosalimiana. Krismasi walikula wamepeana mgongo, sinia moja, watu wawili, migongo. Nikasema, kabla sijafa nitawamalizia ugomvi. Nusu kwa nusu. Na mkono ninaouamini ni mmoja, kama bado uko.

Nikaulizia. Ulikuwa Katesh. Chumba nyuma ya duka la mbegu, na mlangoni, kabla hata sijabisha, nikaona sahani za haro zinaning'inia. Nikagusa moja kwa kidole.

"Hiyo umeigonga vibaya," sauti ikasema ndani.

"Shikamoo, dada."

"Ni wewe wa sufuria."

Macho yalikuwa yamefunikwa na ukungu, yote mawili. Mwili umebaki kidogo. Lakini vidole, jamani, vidole vilikuwa vinatembea juu ya blanketi, vinakunja, vinakunjua, havina pa kwenda. "Marahaba," akasema, na safari hii nilikuwepo kuisikia yote.

Alinipa chakula kabla ya maneno. Kisanduku kilekile, weusi umechubuka pembe. Kiazi kitamu, mchicha, yai. Chumba kimoja kitupu.

"Bento hajambo?" nikasema.

"Amezeeka. Anapenda viazi."

Nilikuwa nimekuja na maneno nimeyapanga toka nyumbani, ya samahani na ya asante, marefu. Yote yakakimbia. Nikabaki na moja. "Siku ile sikutoka jikoni."

"Nilisikia mwiko," akasema. "Ugali ukiuacha unashika chini."

Basi. Ndivyo alivyolikata, kama alivyokata maneno yangu siku zote, mwisho wake ameshauona.

Nikamweleza ya Anna na Lusia. Nikaitoa sketi, nikamwekea mapajani. Akauliza, "Mkasi umeleta?"

"Nimeleta."

"Lete." Akaujaribu kwenye kipande cha gazeti, akasikiliza. "Huu unatafuna." Akaingiza mkono chini ya mto akatoa wa kwake, ule mweusi. Akaufungua, akaufunga. Sauti ileile. Sijui mpaka leo nilikuwa nataka nini.

Mkono wa kushoto ukaingia kwenye shanga. Ukapanda mstari kwa mstari, ukafika kwenye jua, ukalizunguka, ukashuka upande wa pili. Ukasimama. Mikono yote ikatulia, hata ule wenye mkasi.

"Bado yupo," akasema. Alikuwa ameipata ile buluu ya ziada.

"Kati kwa kati," nikasema. "Jua ligawanywe sawa. Nimeridhia. Kata, dada."

Akaufunga mkasi. Akapapasa kisanduku, akaulaza ndani ya kile chumba kitupu, akafunika. Kisha akaikunja sketi, shanga kwa ndani, ngozi kwa nje, akanitafuta mikono kwa mikono yake, akaiweka.

"Mama Paskali," akasema, "kilichoshonwa na mwenzangu sikikati."